Jalada la Mkandarasi

Kazi ya kuwaandalia makandarasi majalada ya usajili, ambayo mwandishi wa tawasifu hii aliifanya kwa zaidi ya miaka 20 kati ya Mnazi Mmoja na Kariakoo jijini Dar es Salaam, ilitokana moja kwa moja na Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya mwaka 1997, iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi na kumkataza mtu yeyote asiyesajiliwa kufanya ukandarasi. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1972, makandarasi wa majengo waliwekwa chini ya bodi moja na wasanifu majengo, yaani wale wanaobuni na kuchora jengo, pamoja na wakadiriaji majenzi, yaani wale wanaopima kazi na kukokotoa gharama zake; mwaka 1997 Bunge likapitisha sheria tatu zenye namba zinazofuatana, ya wahandisi, ya wasanifu na wakadiriaji, na ya makandarasi, na hivyo mkandarasi akapata bodi yake mwenyewe.

Mkandarasi, kwa maana iliyotumika katika kazi hiyo, ni mtu au kampuni inayopokea kazi nzima ya ujenzi kwa malipo na kuibeba dhamana yake hadi inapokabidhiwa. Fundi anayelipwa kwa siku kupanga tofali si mkandarasi, hata kama anaujua ukuta kuliko mwenye kampuni. Bodi humsajili mkandarasi kwa aina ya kazi, iwe majengo, barabara na kazi nyingine za kihandisi, umeme, mitambo au kazi maalumu, kisha humpa daraja: aina nne za kwanza zina madaraja saba, kazi maalumu zina matatu, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja, isipokuwa daraja la kwanza ambalo halina kikomo. Asiyeelewa kwamba daraja ni kikomo cha kazi mtu anayoweza kukabidhiwa, wala si sifa ya heshima, hawezi kuelewa kwa nini mwandishi aligombana na wateja wake mara nyingi kuliko alivyogombana na ofisi yoyote ya serikali.

Wateja hao wengi walitoka Kariakoo kwenyewe. Soko kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa na MECCO, kampuni ya umma, na katika kampuni za namna hiyo ndipo kizazi kizima cha mafundi kilipojifunza kusuka nondo, kumwaga zege na kusoma ramani. Kampuni hizo zilipodhoofika, mafundi walibaki na ujuzi mikononi na karatasi chache mifukoni, wakati huohuo ambapo nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zilianza kubomolewa moja baada ya nyingine ili kupisha maghorofa. Kazi ilikuwepo, na watu wa kuifanya walikuwepo; kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza kwamba jina la kampuni husajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, uliokuwa katika Jengo la Ushirika Mtaa wa Lumumba, kwamba namba ya mlipakodi hutoka Mamlaka ya Mapato, kwamba kiapo huapwa mbele ya wakili, na kwamba baada ya hayo yote ndipo jalada linapopelekwa Bodi. Mwandishi alikodi meza katika duka la kutolea kopi lililokuwa hatua chache kutoka Mtaa wa Lumumba, na kwa miaka ya mwanzo ofisi yake ilikuwa ni meza hiyo, mashine ya kutoboa karatasi na foleni ya watu wenye bahasha za kaki.

Sehemu nyepesi za kazi hazihitaji maelezo marefu: fomu hujazwa, ada hulipwa, na kampuni inayolimbikiza deni la ada ya mwaka hufutwa katika rejista na kulazimika kuanza kuhangaika upya. Uzito ulikuwa katika mambo mawili, yaani mkurugenzi wa kiufundi na vifaa.

Mkurugenzi wa kiufundi ni mtaalamu aliyesomea fani husika, ambaye vyeti vyake na kiapo chake huingia katika jalada ili Bodi ijue kwamba ndani ya kampuni yumo mtu anayeweza kusimamia kazi ya daraja linaloombwa. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo elimu na uzoefu wake unavyotakiwa kuwa mkubwa. Kwa kuwa fundi mwenye mtaji mara nyingi hakuwa na vyeti hivyo, na kijana mwenye vyeti mara nyingi hakuwa na mtaji, ukazuka mtindo wa kuazima vyeti: mhandisi hulipwa kila mwaka kwa ajili ya jina lake, wala hajui eneo la ujenzi liko mtaa gani. Katika miaka ya mwanzo mwandishi aliandaa jalada moja la namna hiyo. Vyeti vilikuwa halali na kiapo kilikuwa na mhuri, lakini mwenye vyeti aliishi mkoa mwingine na hakuwahi kuja. Kampuni ikapata daraja na kazi ya ghorofa mbili. Mirunda iliyoshikilia sakafu ya zege ikaondolewa mapema mno ili ikatumike kwingine, na sakafu ikapasuka kutoka nguzo hadi nguzo. Hakuna aliyeumia, sakafu ikavunjwa. Mwandishi alikwenda kuuona ule ufa, ambao mtu aliweza kuingiza ncha ya kidole ndani yake, na tangu siku hiyo hakupokea tena jalada kabla ya kukutana ana kwa ana na mkurugenzi wa kiufundi na kumuuliza kazi ya mwisho aliyoisimamia ilikuwa wapi.

Kuhusu vifaa, Bodi hutaka uthibitisho wa umiliki, kama vile risiti za mashine na kadi za magari, na mwandishi alijiongezea sharti la kuvitazama vifaa vyenyewe mahali vilipo. Katika yadi moja ya Gerezani alionyeshwa mashine ya kuchanganya zege iliyokuwa na kiraka cha bati kilichochomelewa mdomoni mwa pipa, akakikumbuka kiraka hicho kwa sababu alikuwa amekwisha kukiona katika picha za kampuni nyingine mbili, kila moja ikidai kwamba mashine ni yake. Majalada yote matatu aliyarudisha kwa wenyewe, na wawili kati yao hawakurudi tena kwake.

Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa kwenye makutano ya mitaa ya Mchikichi na Kongo, katikati kabisa ya Kariakoo, likaanguka asubuhi ya Jumamosi, wafanyabiashara wakiwa madukani, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Mwandishi hakuhusika na jalada la jengo lolote kati ya hayo, lakini nyakati zote mbili alitoa nakala za majalada yake kabatini na kuzipitia upya, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta kiapo ambacho asingethubutu kukisimamia.

Ni haki kusema pia kwamba mkandarasi wa daraja la saba hukwama hata anapokuwa mkweli. Ili apandishwe daraja anatakiwa kuonyesha kazi alizofanya. Ili apate kazi ya serikali anatakiwa kuweka dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kwamba italipa iwapo atajitoa baada ya kushinda. Na benki nayo hutaka hati ya nyumba ambayo mara nyingi ni ya ukoo mzima. Mfuko wa Kusaidia Makandarasi ulio chini ya Bodi, unaowadhamini makandarasi wadogo na wa kati, uliwaokoa wengi wa wateja wa mwandishi, na kwa maoni yake hakuna jambo jingine lililowafaa zaidi wanyonge wa fani hii.

Makao makuu ya Bodi sasa yako Dodoma na maombi hutumwa kwa mtandao, kwa hiyo safari za kuvuka Mnazi Mmoja na bahasha kwapani zimekwisha. Jalada mojawapo la mwisho ambalo mwandishi aliliandaa lilikuwa la fundi wa Mtaa wa Sikukuu aliyeomba daraja la saba la majengo, mkurugenzi wake wa kiufundi akiwa ni mpwa wake mwenyewe, fundi sanifu anayeshinda naye kazini kila siku. Pamoja na risiti na vyeti, mzee huyo alileta daftari la mistari alimokuwa ameandika, kwa miaka 19, tarehe ya kila zege alilomwaga, mifuko ya saruji aliyotumia na siku aliyoruhusu mirunda itolewe. Hakuna fomu inayodai daftari la namna hiyo. Mwandishi aliziskani kurasa zake zote, pamoja na ile yenye doa la saruji lililoficha nusu ya mwezi Machi, akaziweka baada ya taarifa ya benki, kisha akalituma ombi.