Dubai na Mama Watoto? Uliza Mshahara Kwanza!
Ukitaka kuijua Dubai, achana na maghorofa, nenda Deira. Pale abra, boti la mbao, lilinivusha mkono wa bahari hadi Bur Dubai kwa dirham 1 tu. Humo nilikaa na mshikaji mmoja wa Tanga. Viza ya kazi anayo, ila mama watoto kabaki nyumbani na wanawe. Kisa? Ili ulete familia, mshahara lazima ufike dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Jamaa anavuta 2,200! Basi wewe unayeota Uarabuni, kabla hujasaini mkataba, itazame hiyo tarakimu kwanza. La sivyo, utalea wanao kwa simu.