Nilitaka Nyumba ya Magogo, Nikanunua Maji

Wacha niwaambie vile nilitumia 66,176 za familia kununua maji.

Mwaka jana tulikuwa na kikao cha familia kwa shosho, huko Kinangop. Nyumba yake ilikuwa imechoka. Paa lilivuja, sakafu ya chumba cha kulala ilikuwa imeoza, na kama umewahi kulala Kinangop mwezi wa saba unajua ile baridi haina utani. Anko mkubwa alitaka nyumba ya mawe. Shangazi akasema pesa za mawe hatuna, na hata tukizipata, lori litapanda vipi ile barabara wakati wa mvua? Mimi nilikuwa nimeitwa kusaidia na chai tu, lakini nikatoa simu nikawaonyesha video. Nyumba ya magogo, Marekani, imezungukwa na theluji, moshi unatoka juu polepole.

"Hii tunaweza," nikasema. "Miti iko. Mimi nitasimamia."

Mimi nimebeba jina la babu, kwa hivyo shosho huniita "mzee wangu." Na babu ndiye aliyejenga ile nyumba kwa mikono yake, alipopata shamba la skimu miaka ya 60, wakati serikali ilikuwa inanunua mashamba ya walowezi na kugawia watu. Shosho akatazama ile video hadi mwisho, halafu akacheka. "Sawa. Mzee wangu ananijengea tena."

Sasa ona mzigo nilijibebesha. Michango ikaanza kuingia kwa simu yangu. Binamu aliye Qatar akatuma. Shangazi anayeuza mboga akatuma elfu mbili. Na mimi, ujuzi wangu wote wa ujenzi ulikuwa umetoka kwa video za dakika kumi.

Kitu cha kwanza nilifanya vizuri, na pengine cha pekee, ni kuchukua karatasi nikapiga hesabu. Nyumba ya futi 24 kwa 20. Ukizunguka kuta zote unapata futi 88. Ukuta wa futi 9 kwenda juu ni inchi 108. Ukitumia magogo yenye unene wa inchi 8, unahitaji safu 14. Mara 88, hiyo ni futi 1,232 za magogo, kabla hujafikiria paa, sakafu wala pembe ambapo magogo yanapishana. Hayo ni magogo 56 yaliyonyooka, ya futi 20 hadi 24, yenye unene karibu sawa huku na huku. Sasa angalia miti ya jirani yako. Shina linaanza nene chini, linakonda likipanda. Mkaratusi unanyooka, ndio, lakini ukikauka unajipinda na kupasuka. Na gogo bichi la futi 24 si kitu watu wawili wanainua wakisema moja, mbili, tatu.

Kuna jambo lingine ambalo zile video zinapitia haraka. Mti ukikauka, urefu wake haupungui sana. Unaopungua ni unene. Sasa fikiria magogo 14 yamelaliana, kila moja linasinyaa kidogo. Ukuta mzima unashuka, inchi kadhaa. Ndiyo maana wajenzi wa huko huacha nafasi juu ya kila mlango na dirisha, wakaificha kwa ubao. Usipoiacha, ukuta unakuja kukalia fremu ya dirisha na vioo vinapasuka. Wenzetu wa Marekani na Finland wana misitu ya miti mirefu iliyonyooka, wana mashine za kuinua, na wana mafundi ambao baba zao walifanya kazi hiyo hiyo. Nyumba yao imetokana na vitu walivyo navyo. Mimi nilikuwa na picha yake tu.

Nikarudi kwa karatasi. Mbao za 8 kwa 1, ukizipandanisha inchi moja ili maji yasipite, kila moja inafunika inchi 7. Safu 16 mara 88 ni futi 1,408. Zinaonekana nyingi kuliko magogo, lakini gogo la inchi 8 lina mti mara sita ya ubao huo kwa kila futi. Ukijumlisha yote, magogo yanakula mti zaidi ya mara tano. Nikaandikia kikundi cha familia: mpango umebadilika, tunajenga kwa mbao. Hakuna aliyelalamika. Watu walikuwa wananiamini, na hiyo ndiyo ilifanya kilichofuata kiume.

Mbao za saiprasi huuzwa kwa futi. Yadi ya kwanza niliambiwa 58, kavu. Hiyo ni 81,664. Mbao zimekuwa ghali tangu Februari 2018, serikali ilipofunga ukataji kwenye misitu ya umma. Hata baada ya rais kutangaza Julai 2023 kuwa marufuku imeisha, mambo yakafika kortini. Sasa yadi ya pili, jamaa mchangamfu sana, akaniambia 47. Tofauti ya 15,488! Nikajiona mjanja. Nikamuuliza kama ni kavu. Akapiga ubao kofi, akasema, "Bro, hii ni kavu hadi inalia." Sikujua ubao mkavu hulia vipi. Nikalipa.

Lori lilipofika, fundi alikuwa anangoja. Ni mzee wa pale kijijini, amejenga nusu ya nyumba unazoziona ukielekea msituni. Akashika ubao mmoja, akaupima kwa mikono bila kusema kitu. Akachukua msumari wa inchi 3, akaupiga mara mbili. Pale msumari ulipoingia pakatoka maji. Si unyevu. Maji, yakateremka kidogo kama jasho.

"Kijana," akaniuliza, "hizi ulinunua kwa futi ama kwa lita?"

Ubao mbichi unaweza kubeba maji yanayozidi nusu ya uzito wake ukiwa mkavu. Ukiupigilia hivyo, utakaukia ukutani, utasinyaa, utajikunja, na ile inchi moja uliyopandanisha itapungua. Kwa upepo wa Kinangop, hiyo ni kulala nje ukiwa ndani. Fundi akakataa kupiga hata msumari wa pili. Nikampigia jamaa wa yadi. Alichukua mara ya kwanza. Ya pili hakuchukua.

Tukazipanga kwa kibanda cha mabati. Vijiti kati ya kila safu ili hewa ipite, safu ya chini juu ya mawe, ncha zikapakwa rangi zisipasuke, mawe mazito juu ili zisijikunje. Fundi akasema tusubiri miezi mitatu. Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Maana yake shosho angepitisha baridi yote ya mwezi wa saba kwa ile nyumba inayovuja, na ilikuwa makosa yangu.

Nilikaa siku nne kabla ya kuandika kwa kikundi. Niliandika uongo mzuri sana kuhusu mvua na barabara. Nikaufuta. Nikaandika ukweli, na hesabu yote. Anko mkubwa akajibu "OK." Mnajua vile "OK" ya mzee inauma. Shangazi akatuma elfu moja ya karatasi ya plastiki ya kuziba paa kwa muda.

Ni wakati tunafunga ile plastiki ndipo fundi alinionyesha kitu. Akakwaruza ukuta wa shosho kwa kisu. Nje ni mweusi, kwa sababu babu alikuwa anaupaka oili chafu ya gari kila baada ya miaka kadhaa. Ndani ya huo weusi, mti mwekundu, na harufu ikatoka kama penseli mpya. Mtarakwa. Sakafu ilioza kwa sababu upande ule udongo ulikuwa umepanda hadi ukaigusa, lakini kuta, karibu miaka 60, mchwa hawajazigusa. Siku hizi mtarakwa huwezi kuingia msituni ukaukata, ni mti wa asili unaolindwa. Babu hakununua mbao hata. Hizo zilikuwa ofkati, yale mabaki ya pembeni gogo likipasuliwa, upande mmoja bapa na mwingine una mgongo wa mviringo. Mgongo aliuweka nje.

Nikasimama pale kama mjinga. Ukiitazama ile nyumba kutoka barabarani, ni nyumba ya magogo. Miaka yote nimekuwa nikikwepa kuipiga picha. Nilikuwa nikirekodi nikiwa kwa shosho, nageuza kamera ielekee mlimani. Halafu marafiki zangu na mimi tunachanga pesa kwenda kulala wikendi kwa "cabin" Naivasha, iliyojengwa kwa mbao zilizochongwa mgongo ili zifanane na zile za babu yangu.

Hiyo ndiyo shida yangu na sisi, na najiweka wa kwanza. Nyumba ya mbao ikiwa ya shosho tunaiita umaskini. Ikiwekewa taa za manjano na bei kwa usiku, tunaiita ndoto. Na kwa sababu tunaona aibu, hatuwaulizi waliojenga za kwanza chochote. Tunauliza simu.

Kwa hivyo kama unapanga kujenga kwa mbao, piga hesabu ya futi kabla ya kuongea na muuzaji yeyote. Enda yadi na fundi wako, na msumari mfukoni. Pima ubao mmoja kwa mizani, uache wiki mbili mahali pakavu, upime tena. Ukiwa umepungua sana, haukuwa mkavu. Inua nyumba juu ya nguzo za mawe, angalau futi moja na nusu kutoka chini. Toa upenu mrefu ili mvua isipige ukuta. Kwa mabati, namba ya geji ikiwa ndogo bati ni nene, kwa hivyo 28 inashinda 30. Uliza kaunti kuhusu kibali cha ramani, na ukinunua miti ya shamba la mtu, uliza kuhusu kibali cha kuisafirisha kabla lori halijawashwa.

Tulianza kujenga mwezi wa tisa. Upande wa mbele fundi alirudisha zile ofkati za babu, akazisugua hadi wekundu ukatokea. Pembe moja kwa nyuma bado inapitisha upepo, ubao mmoja ulikuwa haujakauka vizuri.

Siku ya kuhamia nilimwonyesha shosho picha ya ile cabin ya Naivasha na bei ya usiku mmoja. Akaniuliza mara mbili kama ni usiku mmoja ama mwezi.

"Na mzee wangu," akasema, "kwa hiyo pesa yote, angalau wanawapatia chai?"