Gia Zikiruka, Usikimbilie Bisibisi

Ukitoka Voi kwenda Wundanyi kwa baiskeli, utajionea maana ya gia. Hadi Mwatate mambo si mabaya. Baada ya hapo barabara hupanda milima ya Taita kwa kona kali. Baiskeli nyeusi za wazee wetu zilikuwa na gia moja tu. Mlimani mtu alishuka akasukuma. Siku hizi watoto wetu wana baiskeli za gia nyingi, na gia nyingi zina mambo mengi.

Binti yangu huenda shule kwa baiskeli, na kipande cha safari yake ni kando ya barabara kuu ya Mombasa, penye malori. Mnyororo ukiruka akiwa amekanyaga pedali kwa nguvu, anaweza kuyumba na kuingia barabarani. Ndiyo maana kila Jumamosi jioni tunaipindua baiskeli uani, magurudumu juu, tukaikagua.

Anza kwa kusafisha. Vumbi jekundu la Voi likichanganyika na mafuta hula mnyororo kama msasa. Kisha fuata waya wa gia mpaka nyuma, unapoingia kwenye chuma kinachosogeza mnyororo. Hapo pana kifundo kidogo cha kuzungusha kwa vidole. Baiskeli nyingine hukiweka kwenye usukani. Mnyororo ukisita kupandia duara kubwa la meno, waya umelegea: fungua kifundo robo mzunguko, ujaribu tena. Ukisita kushukia duara dogo, waya umekaza mno: kifunge robo. Waya mpya hulegea siku za mwanzo, kwa hiyo usishangae.

Zile skrubu mbili zenye herufi H na L ziache. Hizo ni mipaka. H huuzuia mnyororo usitoke nje upande wa duara dogo; L huuzuia usiingie kwenye spoku. Ukilegeza L ovyo, mnyororo utanasa mlimani na gurudumu litakwama ghafla. Na chuma chenyewe kikiwa kimepinda, mpelekee fundi.

Jirani mmoja aliniuliza kwa nini namfundisha msichana kazi ya ufundi. Nikamwambia, waya ukilegea njiani, hatakuwa na fundi wala baba karibu. Wewe je, mwanao anajua kifundo hicho kiko wapi?