Kabla ya Mahari, Kipimo cha Damu



Huku kwetu Mwanga, Kigoma, mdogo wangu ameposwa na mtoto wa ami yetu. Furaha ni kubwa, lakini ukoo wetu umeshazika watoto wawili wa selimundu, kwa hiyo niliwaomba wapime damu. Majibu yametoka: wote wawili ni AS. Wenyewe ni wazima, ila kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua.

Mama alilia. Bwana harusi akasema, "Dada, usihofu. Siku hizi kuna tiba ya vinasaba."

Ni kweli, ipo. Madaktari huchukua chembe mama za damu za mgonjwa mwenyewe, zile zinazozaliwa kwenye uloto wa mifupa, wakazirekebisha maabara. Mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uloto wake, kisha chembe zake hurudishwa kwa dripu. Hahitaji ndugu wa kumchangia.

Njia hii hutibu hata maradhi ya kurithi ya upungufu wa vimeng'enya. Mojawapo huitwa MLD: mtoto hukosa kimeng'enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta, yakajaa kwenye ubongo na neva, na aliyekuwa anatembea na kusema akaacha. Tiba yake iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2024, na hufaa zaidi kabla dalili hazijaanza. Bei yake Marekani ni dola milioni 4.25.

Ya selimundu iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Bei ni dola milioni 2.2.

Nikamwambia, "Shemeji, kabla ya hiyo miaka 12 kuna usiku mwingi wa mtoto kulia mifupa."

Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Hiyo nayo inataka ndugu anayelingana, na si kila mtoto anaye.

Dini haijawakataza kuoana, na mimi sina haki ya kuvunja posa. Nilichowaomba ni waamue wakijua. Wakiendelea, kila mtoto apimwe akiwa mchanga, aanze kliniki mapema, apate kinga na dawa ya haidroksiurea daktari akishauri. Wakiachana, waachane kwa heshima, bila mtu kuitwa mwenye damu mbaya. Kinasaba ni amana tuliyorithi, hakuna aliyejichagulia.

Wote wawili sasa wanaswali istikhara. Mama naye ameacha kulia, anauliza maswali.

Wewe bibi harusi mtarajiwa, kabla ya kuchagua rangi ya shela na kuweka miadi ya hina, nendeni mkapime pamoja. Kumtegemea Allah na kupima damu havigombani. Tuombeeni dua.