Riziki Itokayo Msibani

Methali yetu husema kwamba kufa kufaana. Watu wengi huitamka kwa kicheko, wakimfikiria mchimba kaburi au muuza sanda. Walakini ndani yake mna swali zito. Je, ni haki mtu apate riziki yake kwa sababu ya msiba wa mwenziwe?

Mtaani kwetu nilipokuwa mtoto palikuwa na seremala aliyechonga majeneza. Watu walimsalimu kwa uchache wa maneno, kana kwamba yeye ndiye aliyekitamani kifo. Lakini nilipomtazama akipiga randa, sikuona mikononi mwake furaha wala uchoyo, ila uangalifu. Baadaye nilisoma habari za jamaa ya Hanger wa Marekani, watengenezaji wa miguu ya bandia, nazo zimenisaidia kulipima swali hili. Napenda, msomaji, tulipime pamoja.

James Edward Hanger alizaliwa Virginia mwaka 1843. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, aliacha masomo ya uhandisi akajiunga na jeshi la majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili utumwa udumu. Tusilifiche jambo hilo: upande alioupigania ulikuwa wa dhuluma. Tarehe 3 Juni, siku chache tu baada ya kushika silaha, risasi ya mzinga ilimvunja mguu wa kushoto katika mji wa Philippi. Daktari wa jeshi la adui aliukata juu ya goti ili kumwokoa. Hanger alikuwa na umri wa miaka 18.

Alipewa mguu wa mti, gongo lililonyooka lisilo na goti wala kifundo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Hanger alikilalia. Jamaa zake walisimulia kwamba aliporudi nyumbani alijifungia chumbani orofani, akataka chakula kiachwe mlangoni. Wazee wake walidhani amezama katika majonzi. Baada ya miezi kama mitatu aliteremka ngazi kwa miguu miwili: mmoja wa nyama, na mmoja alioutengeneza mwenyewe kwa mbao za pipa, wenye kukunjika gotini na kifundoni.

Hapo angaliweza kutosheka. Lakini vita hivyo viliwapotezea viungo makumi ya maelfu ya watu, nao walikuwa wakirudi makwao kwa magongo. Alianza kuwatengenezea miguu, na mwaka 1871 serikali ya Marekani ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Mwaka 1888 makao ya kampuni yalihamia Washington. Alikuwa na wana sita wa kiume, na wote walipokua walifanya kazi ya baba yao. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, mzee huyo alisafiri hadi Ulaya. Kisha kampuni ikapewa kazi ya kuwahudumia majeruhi wa Uingereza na Ufaransa. Alipofariki mwaka 1919, ilikuwa na matawi London na Paris. Leo haimo tena mikononi mwa jamaa, lakini jina lake lingalipo.

Basi nyumba hiyo ilikula kwa sababu wengine waliumia. Vita vilipozidi, kazi ilizidi. Je, tuiite riziki hiyo haramu? Mimi nasema sivyo, ila kwa sharti. Wachumao msibani ni wa namna mbili. Wa kwanza hutaka msiba uendelee, kama mlanguzi afichaye mahindi wakati wa njaa ili bei ipande. Wa pili hufanya kazi ili msiba upungue: kila mguu utokao karakanani ni mtu mmoja arudiye shambani, sokoni au darasani. Wa kwanza huiuza haja ya mwenziwe. Wa pili huiondoa. Tena fundi wa miguu hawezi kudanganya kwa muda mrefu, maana mguu usiomkaa mtu humchubua, naye hurejea mlangoni kudai haki yake.

Wewe nawe, msomaji, siku moja utachagua kazi, na huenda ikawa ya udaktari, uwakili au ufundi, ambazo zote hulishwa na taabu za watu. Usione haya kuishika. Lakini jiulize kila jioni: taabu hiyo ikiisha kesho, nitafurahi au nitasikitika? Jibu lako litakuonyesha kama wewe ni fundi au mlanguzi.