Na Deli la Barafu Hadi Chake Chake

Mama aliyeketi ubavuni mwangu kwenye boti ya Mkoani aliliangalia deli nililolipakata, akauliza kama nimebeba chanjo. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya Pemba, na tangu bandarini Malindi sikuwa nimeliachia lile deli hata kidogo. Nikamjibu kuwa ni kimeng'enya cha binadamu, kinaitwa G6PD, nakipeleka Chake Chake kwenye mafunzo ya watu wa maabara. Kikipata joto kwa muda mrefu nguvu yake hupotea.

"Cha binadamu? Mmemtoa nani damu, mwanangu?"

"Si damu ya mtu, mama. Wamekitengeneza bakteria."

Nikamweleza kwamba wataalamu huichukua jeni ya binadamu wakaipandikiza ndani ya bakteria, na bakteria wanapozaliana huitengeneza protini yetu kana kwamba ni yao. Kwa kuwa nao wana kimeng'enya chao cha kazi hiyo hiyo, kuna watafiti wanaotumia bakteria waliofutiwa jeni yao, ili kitakachovunwa kiwe cha binadamu kitupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na mtu akiwa hana?"

Swali hilo ndilo lililonipandisha boti. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na maisha yake yote kazi yake ni kubeba oksijeni, ambayo yenyewe inaweza kuidhuru. Haina kiini, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea protini mpya. Kinga yake inategemea G6PD, ambayo hutumia sukari kuipatia kemikali iitwayo NADPH. Aliyepungukiwa na kimeng'enya hiki anaweza kuishi miaka mingi akiwa mzima, asijue lolote, mpaka siku anapomeza primakwini ya malaria au dapsoni. Ndani ya siku chache chembe zake zinapasuka, macho yanakuwa manjano na mkojo unakuwa mweusi.

Upungufu huu umeenea pale malaria ilipokita, kwa kuwa unampa mtu ahueni fulani dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1960 matokeo ya kuupima kwa watu wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, mwaka 2008 dawa ya malaria ya Lapdap, yenye dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni, baada ya majaribio yaliyofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, kuonyesha kuwa wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walikuwa wakiishiwa damu vibaya. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita tangu Allison aandike. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tulipofika mkondo wa Nungwi boti ilianza kupanda na kushuka. Mama akatoa tasbihi, nami nikalikumbatia deli. Hatukuzungumza tena mpaka Mkoani.

Pemba ni vilima. Mimi wa Unguja, niliyezoea ardhi tambarare, nilishangaa gari linavyopanda na kuteremka, bonde la mpunga upande huu, mikarafuu upande ule. Ulikuwa msimu wa karafuu. Kando ya barabara zilianikwa kwenye majamvi, zile za jana zimeshakuwa kahawia, za leo bado kijani chenye wekundu, na watoto wamechutama wanachambua makonyo. Makonyo hayatupwi: Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta.

Wawi hiyo hiyo ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Mtaliana, bingwa wa vimelea, aliyefariki mwaka 1993. Kwa miaka mingi watu wake wamekuwa wakitafuta mayai ya kichocho na minyoo kwa darubini. Kisiwa chenye macho yaliyozoea kazi ya namna hiyo kinaweza kupima G6PD bila shida. Nilikwenda nikiamini hivyo, nikarudi na hakika.

Mafunzo yetu yalikuwa kwenye chumba kidogo mjini, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito. Unachanganya tone la damu na kemikali zake, unasubiri, unadondosha kwenye karatasi ya kuchujia, inakauka. Ukiimulika kwa taa ya urujuanimno, doa la damu yenye G6PD ya kutosha linang'aa kibuluu, na la mwenye upungufu linabaki giza. Doa la kimeng'enya cha kichupa changu liling'aa vizuri kabisa. Barafu ilikuwa imefanya kazi yake.

Bi mmoja, mkongwe wa maabara, hakuridhika. "Na wanawake?" Aliuliza penyewe. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanamume anayo moja, basi ama anacho kimeng'enya ama amepungukiwa. Mwanamke anazo mbili, na anaweza kuwa na mchanganyiko wa chembe nzima na chembe pungufu. Doa lake likang'aa, naye akipewa dawa akaumia. Kwake inahitajika mashine inayopima kasi ya NADPH inavyoongezeka, kwa mwanga wa nanomita 340, na kila asubuhi mashine hiyo ipimwe kwa kimeng'enya ambacho nguvu yake inajulikana. Ndiyo kazi ya kile kichupa.

Alasiri yote tuliimalizia kwenye mashine. Kabla hatujaagana, Bi yule aliandika kwenye daftari lake dawa ambazo anataka mgonjwa aulizwe na apimwe kabla hajapewa: primakwini ya siku nyingi, dapsoni, methilini bluu. Akanipa kalamu, niongeze nyingine ninazozijua.