Saba Saba: Siku Moja, Hesabu Nyingi

Wahenga walinena kwamba siku njema huonekana asubuhi. Mimi, msomaji mpendwa, nilizaliwa asubuhi ambayo haikuonyesha wema wowote. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 7 Julai 1997, katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji la Nairobi. Matatu hazikuwa barabarani, maduka yalikuwa yamefungwa, na Mama, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, hakuwa na njia ya kufika hospitalini. Aliyenipokea duniani ni jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye hadi leo namwita Nyanya ingawa hatuna nasaba naye. Alinikata kitovu kwa wembe mpya, akanifunga kwa leso yake, akanikabidhi kwa mamangu.

Katika utoto wangu sikuwahi kufanyiwa sherehe ya kuzaliwa. Ndugu zangu walikatiwa keki na kumwagiwa maji kama ilivyo ada ya watoto wa Nairobi. Mimi nilipewa shati au kitabu tarehe 8, bila wimbo wala makofi. Kila jioni ya tarehe 7, Mama alijaza chai katika chupa, akafunga mkate kwa kitambaa, akaenda kwa Nyanya na kurudi usiku. Nilinuna, nikaamini kwamba kuzaliwa kwangu kulikuwa kosa. Nilipokuwa kidato cha pili ndipo Mama aliponikalisha kitako na kunieleza. Asubuhi ile ile niliyozaliwa, mwana wa Nyanya, kijana wa miaka 22, alitoka nyumbani kwenda mjini kwenye mkutano wa kudai mageuzi. Mama yake hakumsindikiza hadi mlangoni kama alivyozoea, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshughulika nami. Kijana huyo hakurudi.

Tangu siku hiyo nilianza kuichunguza tarehe yangu. Magazeti yetu yamezoea kuwa na safu ndogo ya matukio ya siku kama ya leo: fulani alizaliwa, fulani alifariki, nchi fulani ilipata uhuru. Nilinunua daftari nikaanza kuandika safu yangu ya tarehe 7 Julai, nayo ikajaa upesi. Mnamo 1860 alizaliwa Gustav Mahler, mtunzi wa muziki. Mnamo 1930 alifariki Arthur Conan Doyle, mwandishi wa visa vya Sherlock Holmes. Mnamo 1940 alizaliwa Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi ya Beatles. Mnamo 1978 visiwa vya Solomon vilipata uhuru kutoka kwa Uingereza. Mnamo 2005 mabomu yalilipuka katika treni na basi jijini London, yakawaua watu 52 waliokuwa wakienda zao kazini.

Ukiisoma orodha kama hiyo utaona kwamba haina huruma. Huweka kilio kando ya kicheko, wala haielezi kinachoviunganisha. Aghalabu hakuna kinachoviunganisha ila hesabu tu. Mwaka una siku 365, au 366 ukiwa mrefu, na matukio ya dunia ni mengi kupita kiasi. Ni lazima yagongane. Hata hivyo, si kila kukutana kwa tarehe ni kwa sadfa. Kuna tarehe ambazo binadamu huzichagua kwa makusudi, kama mtu anayejenga nyumba mpya juu ya msingi wa zamani. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwaka mmoja baadaye, tarehe iyo hiyo, ikawa jamhuri. Chama cha Mapinduzi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, miaka kumi kamili baada ya Azimio la Arusha kutangazwa.

Tarehe 7 Julai nayo ina sadfa na uteuzi ndani yake. Mwaka 1954, jijini Dar es Salaam, chama cha TANU kiliundwa na Julius Nyerere akawa rais wake. Chama hicho kilitumia Kiswahili kuzungumza na watu wa makabila zaidi ya mia moja, na siku ya kuzaliwa kwake ikaitwa Saba Saba, siku ya saba ya mwezi wa saba. Watanzania wameienzi kwa mapumziko na kwa maonyesho makubwa ya biashara. Tarehe 7 Julai 2000, Mkataba wa kuanzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika. Kisha, mnamo Novemba 2021, UNESCO iliamua kuwa tarehe 7 Julai itakuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kuikumbuka siku ile ya TANU. Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Kiafrika kutengewa siku yake na shirika hilo. Siku hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022.

Kwetu Kenya, neno Saba Saba lina ladha nyingine kabisa. Mwaka 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji kudai mfumo wa vyama vingi. Walitiwa kizuizini siku tatu kabla. Watu walijitokeza vivyo hivyo Jumamosi ya tarehe 7, polisi wakawatawanya, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa. Watu wasiopungua 20 walifariki. Mnamo Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa. Mwaka 1997, waliodai mageuzi ya kikatiba kabla ya uchaguzi waliichagua tena tarehe iyo hiyo. Polisi waliingia hadi ndani ya kanisa kuu la All Saints jijini Nairobi, na Kasisi Timothy Njoya akapigwa humo. Watu wasiopungua 9 waliuawa siku hiyo. Kabla ya mwaka kwisha, sheria iliyowalazimu wananchi kuomba leseni ili wakutane ilirekebishwa. Basi nami ninapokutana na wenzangu leo bila kuomba leseni, najua kwamba kuna aliyelipia.

Hapo ndipo penye mgogoro wangu kama mwanafunzi wa Kiswahili. Je, tarehe 7 Julai nivae kanzu na kofia nikaghani mashairi, au nikae matangani? Mtanzania akinipongeza kwa Saba Saba humaanisha furaha. Mkenya akilitamka neno lilo hilo, hutazama mlango kama umefungwa. Neno ni moja, sauti ni zile zile, lakini historia mbili zimelala ndani yake.

Mwaka 2025 tarehe hiyo iliangukia Jumatatu, kama mwaka niliozaliwa. Chama chetu cha wanafunzi kilikuwa kimeandaa hafla ya Siku ya Kiswahili, nami nilitayarisha mada kuhusu riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Niliona inafaa kumzungumzia Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake aliyeumbwa kwa kumwangalia Sherlock Holmes, katika siku aliyofariki Conan Doyle. Nilikuwa nimelala kwa Mama ili niondoke asubuhi na mapema. Kulipokucha, polisi walikuwa wamefunga barabara za kuingia mjini, kwani vijana walikuwa wametangaza maandamano ya kuadhimisha miaka 35 ya Kamukunji. Sikuweza kutoka. Jioni Mama alijaza chai katika chupa, akafunga mkate, kisha akanitazama. "Twende," akasema. Hakuwahi kunialika kabla ya siku hiyo.

Nyanya alikuwa ameketi chini ya kalenda ya mwaka 1997. Niliifahamu tangu utotoni, imebadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, lakini sikuwahi kuisoma. Tarehe 7 Julai ilikuwa imezungushiwa duara la kalamu. Niliisogelea nikagundua kwamba inalingana na ya mwaka 2025 siku kwa siku, kuanzia Jumatano ya kwanza ya Januari hadi Jumatano ya mwisho ya Desemba.

"Umetimiza mingapi?" akaniuliza.

"Ishirini na minane, Nyanya."

"Basi umempita kwa sita." Alinyamaza kidogo. "Yeye ni wa ishirini na miwili tu. Mimi nazeeka, wewe wakua, yeye yupo pale pale."

Sikuwa na jibu. Wazee husema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na nilikuwa nimeufafanua usemi huo mara nyingi katika mitihani. Jioni ile niliona kwamba lugha yetu imelipa neno moja kazi mbili: uchungu wa kuzaa na uchungu wa kufiwa. Nyumba mbili zilizopakana ziliyapata yote mawili kwa siku moja, naye mwanamke huyu alikuwa katika yote.

Aliona karatasi mkononi mwangu akataka kujua ni za nini. Nilimweleza. "Basi soma," akasema, "nami pia ni Mswahili wa mjini." Nikamsomea mada yangu yote, yeye na Mama wakiwa ndio hadhira. Alicheka nilipofika kwenye kiko cha Bwana Msa. Kwa jirani, redio ilikuwa ikitangaza habari za risasi. Baadaye Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilieleza kuwa zaidi ya watu 30 waliuawa siku hiyo. Kwa hiyo kuna nyumba nyingine zaidi ya 30 ambazo huenda nazo zitaining'iniza kalenda ya 2025 miaka mingi ijayo.

Siombi Siku ya Kiswahili ihamishwe. Tarehe hiyo ni halali yetu, na lugha iliyowaunganisha watu mwaka 1954 inastahili kuimbwa. Ombi langu kwa chama chetu ni dogo: tunapoandaa hafla hiyo hapa Kenya, kabla ya ngonjera na mashairi, tusimame kimya kidogo, kisha tuwataje kwa Kiswahili waliokufa Saba Saba. Lugha isiyoweza kuomboleza nyumbani kwake haiwezi kujigamba ugenini.

Jina la mwana wa Nyanya silitaji hapa, kwa kuwa ni la mama yake. Lakini katika daftari langu limo, kati ya kuundwa kwa TANU na Siku ya Kiswahili, mwaka 1997, kando ya jina langu. Tulipoaga, Nyanya alinikatia kipande cha mkate, akanimiminia chai ya mwisho iliyosalia katika chupa.

"Kula," akasema. "Leo ni siku yako pia."